Breki za Mteremko: Ukaguzi wa Magari Usambara, Tangu Reli Hadi Stika

Sheria ya Tanzania inamtaka mwenye gari ahakikishe gari lake ni zima kabla ya kuliingiza barabarani, na inampa askari wa usalama barabarani uwezo wa kulisimamisha, kulikagua na kulizuia lisiendelee na safari. Ambacho haijafanya ni kumwonyesha mwenye gari wa Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, mahali pa karibu pa kulipeleka likapimwe.

Kwa mtu wa huko hilo si jambo dogo. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400. Mombo, chini kwenye joto la mkonge, iko takribani mita 400. Kati yao ni kilomita zisizotimia 35, na ndani ya kilomita hizo gari hushuka karibu kilomita nzima kwenda chini, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Anayetoka Bumbuli kwenda Mombo sharti kwanza afike Soni kwa kipande cha barabara ya Soni–Bumbuli–Dindira–Korogwe, ambayo kilomita zake 74 zimeombewa lami bungeni kwa miaka na miaka, ndipo auanze mteremko wenyewe. Gari likiwa na abiria na magunia ya viazi, uzito wote huo hushikiliwa na vipande vichache vya pedi na lining. Katika zaidi ya karne moja ya magurudumu, Usambara imeona wakaguzi wa kila namna. Breki, ambazo ndizo za kutazamwa kwanza, zimeachiwa fundi asiye na leseni wala mtambo.

Kabla ya gurudumu, milima hii ilijitosheleza kwa miguu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda kwenda Vugha mwaka 1848 kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alipita njia zilezile walizopita wanawake wakishusha ndizi na tumbaku kwenda kubadilishana na watu wa nyika. Mzigo ulipimwa na shingo ya aliyeubeba. Ukizidi, ulipunguzwa palepale, na hakuna aliyehitaji cheti.

Wajerumani walikuja na reli. Walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Hapo ikasita chini ya mlima, na baadaye ikaendelea tambarare hadi Moshi mwaka 1911. Reli haikuthubutu kupanda. Hata mbao za misitu ya Shume hazikushushwa kwa magurudumu. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilifunga waya wa angani kutoka juu hadi kituo cha Mkumbara, na magogo yakawa yananing'inia juu ya makorongo. Watu waliokuwa na pesa na wahandisi waliutazama mteremko ule wakaona heri waya.

Reli ilikuja na mazoea ambayo nchi haikuwa nayo: chombo kukaguliwa kwa ratiba, kabla hakijaharibika. Wajerumani walikuwa wamejifunza hilo kwa damu. Mwaka 1865 boila ya kiwanda cha bia ililipuka mjini Mannheim, na mwaka uliofuata wenye viwanda wa eneo hilo wakaanzisha chama cha kukagua boila zao wenyewe. Vyama vya aina hiyo ndivyo vilivyokuja kuwa TÜV, ambayo mpaka leo hukagua magari Ujerumani. Kichwa cha treni kilichofika Mombo kilikuwa mtoto wa utamaduni huo. Lakini utamaduni huo ulikomea stesheni. Aliyepanda kutoka Mombo kwenda Wilhelmstal, kama Lushoto ilivyoitwa wakati huo, alikuwa ametoka kwenye himaya ya wakaguzi.

Motokaa ilikuja kama mchezo wa watu wachache. Mwaka 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari akidhamiria kulivusha bara hadi pwani ya Atlantiki, na ilimchukua mpaka mwaka 1909 kufika Swakopmund. Safari kama hiyo haina mkaguzi ila barabara, na hata barabara haikuwapo. Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoleta malori kwa wingi. Majeshi ya Waingereza yaliyoshuka bonde la Pangani mwaka 1916 yalikuwa na malori nyuma yao, na Wilhelmstal ikaanguka mikononi mwao mwezi Juni mwaka huo.

Chini ya Waingereza gari likawa chombo cha kazi: mkonge huku chini, chai na mboga huko juu. Mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa na karakana zake, na humo vijana wengi wa Tanga walianza kwa kushika spana na kuishia kuwa mafundi kamili. Serikali nayo ilitunga sheria ya barabara, iliyokaa kwenye vitabu kama Sura ya 168. Lakini muulize mzee yeyote wa Mlalo ni mkaguzi gani aliyejulikana sana milimani miaka ile. Atakuambia ni mkaguzi wa matuta. Mpango wa kuzuia mmomonyoko ulioanza mwaka 1946 uliwalazimisha watu kulima matuta kwenye miteremko, na asiyeyalima alitozwa faini. Watu waliupinga mpaka ukaachwa mwaka 1957. Nautaja mpango huo kwa sababu ulijenga tabia: milimani, mtu wa serikali anayekuja kukagua huchukuliwa kuwa amekuja kutoza. Tabia hiyo haikuzikwa pamoja na matuta.

Wakati huohuo dunia nyingine ilikuwa inajenga ukaguzi wa vipindi maalumu. Ujerumani iliufanya lazima mwaka 1951. Japani ilitunga sheria yake ya magari mwaka huohuo. Uingereza ilichelewa: jaribio lao la magari lilianza mwaka 1960 wakati Ernest Marples akiwa Waziri wa Usafiri. Mwanzoni liliyagusa magari ya miaka kumi na kuendelea tu, na lilitazama breki, taa na usukani. Mwaka 1961 umri ukashushwa hadi miaka saba, na mwaka 1967 hadi mitatu. Werevu wa mpango ule ulikuwa kwamba serikali haikujenga vituo vingi vyake. Iliyapa magereji ya mitaani idhini, ikayapangia vipimo, kisha ikayasimamia. Mwenye gari wa kijiji cha Scotland alilipeleka gari kwa fundi wake wa siku zote, ila siku hiyo fundi alikuwa na fomu na alijua kwamba naye anaweza kukaguliwa.

Tanganyika ilipata uhuru mwezi Desemba 1961. Sheria za Waingereza tulizirithi, lakini ule mpango wa magereji ulikuwa mchanga mno kuingia kwenye mzigo wa urithi. Mwaka 1973 Bunge letu lilipotunga Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30, ukaguzi uliwekwa mikononi mwa Jeshi la Polisi, na umebaki huko. Si uamuzi wa kubeza. Nchi ilikuwa na mafundi wachache wenye vyeti na ilikuwa inataifisha uchumi. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilikuwa imechukuliwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa kuwa UDA kwa ajili ya jiji na KAMATA kwa safari za mikoani. Uikabidhi gereji ya mtu binafsi muhuri wa serikali katika miaka ile? Hakuna ambaye angelisema hilo hadharani.

Kisha ikaja njaa ya spea. Mafuta yakapanda bei duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na kwa kipindi kirefu ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Katika hali hiyo kulikagua gari ni kujitafutia majonzi. Kila mkaguzi alijua kwamba basi akilizuia hakuna lingine, na wagonjwa wa kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Bumbuli watapanda kwa miguu. Hapo ndipo ufundi wa kubuni ulipokomaa: mpira wa tairi kuukuu ulichongwa ukawa bushi, springi iliyokatika ilifungwa kwa raba na waya, na gari liliendelea kutembea. Mimi nawavulia kofia mafundi wa miaka ile. Lakini ufundi uleule uliacha nyuma yake imani kwamba gari linalotembea ni gari zima, na imani hiyo mpaka leo inaua.

Milango ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kwanza kwa ruhusa ya mwaka 1984 ya mtu kuingiza bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni, kisha chini ya Mzee Mwinyi, tatizo la kutopatikana gari likageuka kuwa tatizo la gari la namna gani. Jibu lilikuwa Japani. Kule, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na kisha kila baada ya miaka miwili. Wenyewe huuita ukaguzi huo shaken. Gharama zake, pamoja na kodi zinazolipwa siku hiyohiyo, humfanya Mjapani aone heri kuliuza gari kuliko kulipitisha tena. Chunguza kioo cha mbele cha Noah au Probox inayosubiri abiria Soni: mara nyingi pale juu, upande wa ndani, utaikuta stika ndogo ya mraba yenye maandishi ya Kijapani. Hiyo ndiyo alama ya ukaguzi wa mwisho wa kweli ambao gari hilo limewahi kuupata. Lilikuwa zima siku ile, mji ule, kwenye lami ile. Tumeikuta tukaiacha, wengine wakiiona kama pambo.

Si sisi peke yetu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na nchi tajiri, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Kenya iliweka ukomo wa miaka minane. Tanzania haikuzuia umri. Ilichagua kutoza ushuru wa uchakavu, yaani gari kuukuu linaingia, ila linalipia. Kuhusu usalama, Shirika la Viwango, TBS, lilikuwa likitegemea makampuni ya kukagua huko linakotoka gari, na mwaka 2021 likaanza kuyakagua yanapowasili Dar es Salaam. Ni hatua nzuri, ila ni kipimo cha siku moja. Pedi za breki hazina habari na cheti cha bandarini. Zikishashuka mara kadhaa kutoka Soni, hicho cheti kimekuwa historia.

Kwa gari ambalo tayari liko nchini, hali yetu ni hii. Magari ya abiria huhitaji leseni ya usafirishaji, iliyokuwa ikitolewa na mamlaka ya usafiri ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 na mrithi wake, LATRA. Taarifa ya ukaguzi wa polisi ni sehemu ya kuipata. Mwezi Desemba trafiki huyakagua mabasi ya mikoani kwa bidii, na shule zinapofunguliwa magari ya wanafunzi nayo huitwa. Ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017 ndiyo iliyotia moto msako huo wa magari ya shule. Basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni kwenye mteremko huku mvua ikinyesha, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva.

Gari binafsi hukutana na ukaguzi hasa kupitia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Unapeleka gari, linatazamwa, unalipa, unabandikiwa stika. Nimeona ukaguzi huo ukifanywa kwa uangalifu: mkaguzi akiwasha taa moja moja, akigusa tairi, akitikisa usukani, akiuliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari ziko wapi. Nimeona pia stika ikibandikwa na gari halijazimwa. Hata mkaguzi mwaminifu, akiwa uwanjani bila shimo la kuingia chini ya gari wala mtambo wa kupima nguvu ya breki kila gurudumu, anakagua kwa macho na kwa uzoefu. Macho hayaoni lining iliyo ndani ya ngoma.

Kioo cha mbele cha gari la Kitanzania kimekuwa ubao wa matangazo wa serikali kwa muda mrefu. Kulikuwa na stika ya bima, stika ya usalama na stika ya leseni ya barabara. Hii ya mwisho ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na ada yake ikahamishiwa kwenye mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Wenye magari walishangilia, na walikuwa na haki. Ila kuna somo ambalo halikuzungumzwa sana: mapato yaliweza kutenganishwa na stika kwa kalamu moja. Kwa nini basi ukaguzi haukutenganishwa na mapato vilevile? Maadamu stika ni ya kununua, watu wataendelea kuitafuta stika, si ukaguzi.

Majirani wamejaribu njia zao. Kenya ilipitia Sheria za Michuki, zilizoanza kubana matatu tarehe 1 Februari 2004, na mwaka 2012 ikaunda mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA. Uganda iliikabidhi kazi ya ukaguzi kampuni ya Uswisi, SGS, vituo vikafunguliwa, wabunge na wenye magari wakalalamikia gharama na mkataba, mpango ukasimama. Rwanda ilijenga kituo cha polisi chenye mitambo pale Remera, Kigali, na ndiyo iliyofanikiwa zaidi, kwa kuwa mashine haina binamu wa kumwonea haya. Hapa kwetu Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina kituo cha kukagua magari Mabibo, Dar es Salaam. Kituo kizuri. Kutoka Bumbuli ni safari ya siku nzima, na gari bovu sharti lishuke mlima kwanza ndipo likaambiwe kuwa ni bovu.

Basi mtu wa Bumbuli afanyeje? Anakwenda kwa fundi. Serikali inaziita gereji bubu, lakini bila gereji hizo hakuna gari ambalo lingevuka mwaka milimani. Fundi mmoja wa Soni nilimkuta chini ya Hiace, amelalia boksi, jeki upande mmoja na jiwe upande wa pili. Alishavua gurudumu na alikuwa ameshika pedi kati ya vidole. Dereva, kijana, akamwambia:

"Shikamoo mzee. Naomba unifungie hizohizo, kesho nina abiria wa Korogwe."

"Marahaba. Abiria wako wanajua umebakiwa na chuma?"

Kijana akacheka, kisha akaenda kununua pedi. Huo ni ukaguzi. Hauna fomu, hauna muhuri, na hakuna wa kumlinda fundi siku ambayo tajiri wa gari atakataa.

Mambo ambayo mafundi wa mlimani huyatazama ni tofauti kidogo na yanayotazamwa tambarare, na mwenye gari anapaswa kuyajua ili amjue fundi wa kweli. La kwanza ni mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selisiasi. Kwa kuwa hunyonya unyevu, na milima yetu haikosi ukungu, yakishachakaa kiwango hushuka hadi nyuzi 140 hivi. Ukikanyaga breki mfululizo kuanzia Soni, joto hilo linafikiwa, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama hadi sakafuni. Ndiyo ile "breki zimefeli" ya kwenye taarifa za ajali. Fundi asiyekuuliza mafuta yale yalibadilishwa lini, mmwage.

Tairi nalo lina siri yake ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji amelipaka rangi likang'aa. Fuso za kabichi na karoti zinazokwenda Dar es Salaam hutumia breki za upepo, na mitungi yake hukusanya maji. Asiyeyamwaga anasubiri kutu. Magari ya gia za kujiendesha yameleta ugonjwa mpya, dereva anaacha gia kwenye D toka juu mpaka chini na kuzibebesha breki kazi ya injini. Na bado wapo wanaozima injini mteremkoni ili kubana mafuta. Injini ikizimika, usukani huwa mzito na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Hiyo lita moja ya akiba ni ghali.

Yapo pia yasiyokaguliwa na fundi. Tarehe 3 Februari 2023, Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa imebeba msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo iligongana na Fuso, na lawama ikaenda kwa mwendo kasi na kupita bila tahadhari. Kila ikitokea ajali husemwa "uzembe wa dereva", na mara nyingi ni kweli. Lakini maneno hayo yamekuwa pazia: dereva akishalaumiwa, hakuna anayeuliza breki zilipimwa lini. Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, hapakuwa na pazia. Treni ya abiria ilishindwa kupanda kilima, breki zikashindwa, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Huyo ni mtoto wa Mannheim mwenyewe, mwenye ratiba na karakana. Sembuse Noah?

Na bodaboda, ambazo ndizo zinazobeba watu wengi zaidi kati ya Bumbuli na vijiji vyake, ndizo zinazokaguliwa kidogo zaidi.

Halmashauri ya Bumbuli hutoza ushuru wa mazao yanayopita, na mazao hayo hupita juu ya matairi. LATRA hupokea ada ya leseni, Polisi huuza stika. Wakikaa meza moja, wanaweza kupata shimo la zege la kukagulia, mtambo mmoja wa kupima breki, na mafundi watatu au wanne wa Soni na Bumbuli waliopelekwa kusomea na kupewa leseni inayoweza kufutwa. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1960 kwa magereji ya vijijini mwake. Kituo hicho kiwekwe Soni, juu, kabla ya kona ya kwanza ya mteremko. Mombo hakitamsaidia mtu.